Uchakavu wa mipira ya injini: maana yake katika gari la spoti la zamani

Uchakavu wa mipira ya injini ni hali ya mipira inayopitisha maji, petroli au vakyumu (nguvu ya injini ya kufyonza hewa) kupoteza unyumbufu na uimara wake kwa sababu ya joto, kemikali na umri. Mpira uliochakaa si lazima uwe unavuja. Mpira wa rejeta huhesabika kuwa umechakaa tangu pale unapobanwa na kushindwa kurudi katika umbo lake, au pale nyuzi zilizofumwa ndani ya ukuta wake zinapoanza kulowa, hata kama kwa nje bado ni mweusi na safi kama uliotoka dukani jana.

Tuchukue Toyota Altezza, ambayo iliuzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005. Hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imekwisha kufikisha miaka 20, na mingi ya mipira yake midogo, hasa ile iliyojificha nyuma ya injini, huenda haijawahi kuguswa na fundi yeyote.

Kwa mwenye gari wa Mwanza, jambo hili lina uzito wa pekee. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, ilhali Dar es Salaam huchemka kwenye 100. Injini iliyopata moto vizuri hukaribia sana kiwango hicho. Kinachozuia gari lisichemshe ni shinikizo linalotunzwa na kifuniko cha rejeta: kifuniko kilichoandikwa 0.9 (yaani shinikizo la bar 0.9 hivi) husogeza kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Ufa mwembamba unaotoa maji kidogo tu hutosha kulipoteza shinikizo hilo, na gari lililotoka Kisesa bila tatizo likachemsha kwenye foleni ya Buzuruga, ambako hakuna upepo wa kusaidia feni.

Watu wengi hukagua mpira kwa macho, nao hukosea mahali pa kutazama, kwa kuwa mpira wa maji huanza kuharibika kwa ndani. Kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) iliyokwisha nguvu, au maji ya bomba yaliyotiwa peke yake kwa miaka mingi, hupitisha umeme mdogo kati ya metali za injini na mpira wenyewe. Umeme huo huchora nyufa nyembamba zinazokwenda kwa urefu wa mpira, hasa sentimita chache kutoka kwenye klipu, na maji hupenya humo mpaka kwenye nyuzi. Kwa hiyo ukaguzi wa kweli hufanywa kwa vidole, injini ikiwa imepoa kabisa. Bana mpira katikati, kisha bana karibu na klipu. Mpira mzima hutoa ukinzani uleule pote. Uliochakaa hulegea kwenye ncha, au huonyesha mfereji usioonekana kwa nje, na ule uliokaushwa na joto hutoa mlio wa kukwaruza. Ukivimba na kunata, tafuta oili inayovujia juu yake.

Mipira ya vakyumu hujitambulisha kwa mlio wa hewa inayofyonzwa na kwa injini inayopanda na kushuka mzunguko gari likiwa limesimama. Ukipasuka ule wa breki, pedali huwa ngumu. Harufu ya petroli haina mjadala: zima injini, na usiweke mpira wa maji mahali pa mpira wa petroli, kwa kuwa petroli huuvimbisha na kuulainisha.

Wakati wa kubadilisha, mwaga kulanti kwenye beseni, isiende kwenye mtaro unaoishia Mto Mirongo na ziwani. Mpira uliong'ang'ania usivutwe kwa nguvu, kwa kuwa shingo ya rejeta nyingi ni ya plastiki na huvunjika. Uchane kwa wembe kwa urefu, kisha umenye. Safisha ukoko mweupe shingoni kwa msasa laini, ingiza mpira mpya hadi mwisho, na klipu ikae nyuma ya ukingo ulioinuka, kamwe isikae juu yake. Klipu za springi za kiwandani, zikiwa bado na nguvu, mimi huzipendelea kuliko za skrubu, kwa sababu huendelea kubana mpira unapotulia. Wapo mafundi wanaotoa thamostati (kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) kwa kisingizio cha joto la nchi yetu. Hilo haliponyi mpira mbovu, bali huichelewesha injini kupata moto unaotakiwa.

Jaza kulanti taratibu, fungua hita hadi mwisho, na uiache injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mpira wa juu upate moto na mapovu yakome. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, pima kiwango cha maji na ukaze tena klipu za skrubu.