Geji haisemi lugha moja kwa kila mtungi

Kazi yangu ni kukagua mitungi ya gesi kwenye gereji na karakana za Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kiongozi, hapa imebaki kiasi gani?" Nami huuliza kwanza: ndani kuna nini?

Kwa macho, mitungi yote ni chuma kilichopakwa rangi. Ndani ni mambo matatu tofauti. Kuna gesi iliyoshindiliwa ikabaki gesi, kuna iliyobanwa ikageuka kimiminika, na kuna iliyoyeyushwa ndani ya kitu kingine. Ukijua wako uko kundi gani, kanuni nyingi za kuutunza hazihitaji kukaririwa.

Oksijeni ni ya kundi la kwanza. Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi baa 150 (baa ni kipimo cha presha) unabeba takribani lita 7,500 za gesi. Geji, ile saa ya kupimia presha, ikishuka hadi 75, umetumia nusu. Hapa geji inasema kweli. Presha hiyo pia ndiyo sababu ya kofia ya chuma juu ya valvu: mtungi ukianguka bila kofia, valvu ikakatika, gesi yote hutafuta njia kwenye tundu moja na lile lichuma linaweza kuruka hadi kutoboa ukuta. Kwa hiyo ufungwe mnyororo, hata kama "unatumika sasa hivi tu". Jambo la pili ni mafuta. Grisi au oili kwenye nyuzi za regulata (kifaa cha kupunguza presha inayotoka mtungini) ikikutana na oksijeni ya presha kubwa inaweza kuwaka bila kiberiti. Mafundi wa gereji wana oili hadi kwenye kope, basi kabla ya kushika regulata, nawa mikono na utafute kitambaa kisafi.

Gesi ya kupikia ni kundi la pili. Propani na butani hubanwa zikawa kimiminika, na juu yake hukaa mvuke. Presha ya mvuke huo inategemea joto, haitegemei kimiminika kilichobaki. Ndiyo maana ukifunga geji itasoma karibu vilevile mtungi ukiwa umejaa na ukiwa umebakiza vikombe viwili. Dawa ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Ukiandikwa kilo 16.2 na mizani ikasema 20.7, una kilo 4.5 za gesi, basi.

Kimiminika kikipata joto hutanuka, kwa hiyo mtungi hujazwa mpaka kama asilimia 80 ya nafasi yake na inayobaki huachiwa mvuke. Anayejaza kwa mpira uchochoroni, bila mizani, anaweza kuimaliza nafasi hiyo. Mtungi kama huo ukianikwa juani, kimiminika hakina pa kutanukia na presha hupanda ghafla. Kuna pia tabia ya kuulaza mtungi ili "imalizike". Ukiulaza, kinachotoka ni kimiminika, na lita moja yake hugeuka kuwa lita zaidi ya 200 za mvuke. Moto wa jiko unaruka. Na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, ukivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni. Stoo ya chini ya ardhi, au yenye dirisha la juu tu, haifai hata kidogo.

Asetilini, gesi ya kuchomelea, ni kundi la tatu, na ndiyo inayonipa kazi zaidi. Gesi hii ikishindiliwa peke yake, hata bila oksijeni, inaweza kuvunjikavunjika na kulipuka. Mswidi Gustaf Dalén, aliyebuni mitambo ya taa za asetilini kwa minara ya kuongozea meli, alipofuka kwa mlipuko wa gesi hiyo mwaka 1912 akifanya majaribio, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Ufumbuzi uliotumika hadi leo ni kuujaza mtungi kitu kigumu chenye vitundu vidogo sana, kukilowesha kimiminika kiitwacho asetoni, kisha kuyeyusha asetilini ndani ya asetoni hiyo.

Siku moja Gerezani niliona mtungi wa asetilini ukishushwa kutoka kwenye guta, ulikuja umelala. Kijana akausimamisha, akafunga regulata, akawasha. Moto ukaanza kutema, rangi ikabadilika. "Kaka, gesi ina maji hii." Hayakuwa maji, ilikuwa asetoni. Umewahi kufungua soda iliyotikiswa? Ndivyo ilivyo: kinachotakiwa kubaki ndani kinatoka pamoja na gesi. Asetoni huharibu mipira na regulata, na ikipungua mtungini, gesi inapoteza kile kilichokuwa kikiituliza. Mtungi uliolala usimamishwe na uachwe angalau kwa muda uleule uliolala. Tulifunga valvu, tukausogeza pembeni, akaendelea na kazi nyingine mpaka jioni. Usivute asetilini kwa presha zaidi ya baa 1.5, na usiunge bomba la shaba: shaba na asetilini huzaa kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu.

Kaboni dayoksaidi nayo hukaa kama kimiminika, kwa baa 57 hivi kwenye nyuzi joto 20. Lakini ikivuka nyuzi 31 haiwi kimiminika tena hata uibane vipi, na presha huanza kukimbia. Stoo ya mabati ya Dar mwezi Januari huvuka hapo mapema tu. Mwenye baa ya vinywaji akiniambia mtungi wake ulipiga kelele ukajimwaga wenyewe, huwa namuuliza aliuweka wapi. Mara nyingi ni kisahani cha usalama kwenye valvu kilichopasuka, na hiyo ndiyo kazi yake. Hatari inayofuata ni kukosa hewa ndani ya chumba, kwa hiyo watu watoke kwanza.

Kwenye karakana, tenga oksijeni na asetilini kwa mita sita, au weka kati yao ukuta usioshika moto. Mitungi mitupu ikae upande wake, valvu zimefungwa na presha kidogo imebaki ndani, ili hewa yenye unyevu isiingie na kuanza kula chuma kwa ndani, mahali ambapo hata mimi na tochi yangu siwezi kuona mpaka valvu ifunguliwe siku ya kupimwa.