Herufi nne hazijui kama utaweza biashara

Imani hii imeota mizizi: ukijibu maswali ya kipimo cha tabia kiitwacho Myers-Briggs unapewa herufi nne, kila moja ikitaja upande mmoja wa tabia yako, kama ukimya au uchangamfu, na herufi hizo zinakuambia kama umezaliwa mfanyabiashara. Mtu mkimya, wanasema, ajigeuze kwanza ndipo afungue duka.

Sivyo. Kipimo hicho kilitungwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, kwa kufuata mawazo aliyoyachapisha mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, mwaka 1921. Mama na binti hawakuwa wanasaikolojia kwa mafunzo. Nia yao ilikuwa njema. Tatizo ni pale wanapowakata watu makundi mawili kwa kila herufi. Tabia za watu zimesambaa kama urefu wa kimo: wengi tuko katikati. Kipimo kinakata hapo hapo katikati, kwa hiyo aliyezidi kidogo na aliyepungua kidogo wanaitwa aina mbili tofauti, ingawa ukiwakuta kaunta moja hutawatofautisha. Ndiyo maana wengi wakirudia baada ya wiki chache hupata herufi nyingine. Wenye kipimo wenyewe wanaonya kisitumike kuchagua wafanyakazi.

Na ule ung'ang'anizi unaosifiwa sana siku hizi kama siri ya mafanikio? Uchambuzi wa 2017 uliojumuisha tafiti nyingi ulionyesha kuwa karibu ni kitu kilekile na bidii yenye utaratibu, ambayo wanasaikolojia walikuwa wakiipima tangu zamani. Muuza duka mkimya anayeandika kila deni daftarini na kufungua mlango saa kumi na mbili kila asubuhi tayari anayo.