Je, wajua kwa nini mzee huijua dawa yake vizuri lakini hajui kama ameshaimeza?

Muulize mzee aliyetumia dawa ya shinikizo la damu kwa miaka mingi: kidonge chake kina rangi gani, anakimeza saa ngapi, alikianza lini. Atakujibu bila kusita. Sasa muulize kama cha leo ameshakimeza. Wengi hukwama hapo. "Nimeshameza... au ile ilikuwa jana?"

Wanaomtunza hudhani ni akili ya uzeeni, wakaanza kumkumbusha asubuhi, mchana na jioni. Lakini aliyekwama hivyo hakuisahau dawa. Kinachompotea ni tukio la kuimeza.

Ubongo hushika barabara jambo lililotokea mara moja. Jambo linalorudiwa kila siku mahali palepale, kwa namna ileile, haliachi alama yake peke yake, kwa hiyo kumeza kwa jana na kumeza kwa leo huingiliana. Hata kijana hurudi mlangoni kuhakikisha kama amefunga. Umri unapoongezeka tatizo hukua, kwa kuwa uwezo wa kukumbuka jambo lilitukia lini hudhoofika mapema kuliko ujuzi wa jambo lenyewe.

Mmarekani David Wagner, mhandisi, alilikabili tatizo hilohilo nyumbani kwake mwanzoni mwa miaka ya 1960, wala hapakuwa na mzee. Mkewe alikuwa akitumia vidonge vya uzazi wa mpango, na mara kwa mara hawakuwa na hakika kama cha siku hiyo kimemezwa. Wagner akabuni kikasha cha plastiki cha duara kinachoonyesha kila kidonge na siku yake, akaomba hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mwaka 1962.

Kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku 7 kinafanya kazi hiyohiyo. Watu hukinunua wakidhani kitakumbusha. Hakikumbushi, ila kinajibu: chumba cha Jumanne kikiwa kitupu, cha Jumanne kimetoka. Jibu hilo lina uzito, kwa sababu mwenye shaka anaweza kumeza mara mbili. Dozi mbili za dawa ya shinikizo zinaweza kumtia kizunguzungu akaanguka, na za baadhi ya dawa za kisukari zikashusha sukari kwa hatari. Figo za mzee nazo huwa zimepunguza kasi, hivyo dawa nyingi hukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi.

Kukijaza kunataka utulivu. Kaeni mezani penye mwanga, mkiwa na orodha iliyoandikwa na hospitali, mkimaliza dawa moja kabla ya kufungua nyingine. Mpe mzee mwenyewe akifungue na kukifunga. Vidole vyenye baridi yabisi hushindwa na vifuniko vigumu, na kisanduku asichoweza kukifungua hakimfai. Vidonge vya nitrogliserini, vile vinavyowekwa chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, vibaki kwenye chupa yake ya asili, kwani nje yake hupoteza nguvu. Na kama kuna methotrexate ya baridi yabisi, iangalieni sana: humezwa mara moja kwa wiki, na kuimeza kila siku kwa makosa kumeshaua watu.

Kuhusu kukumbushana, kengele ya simu inafaa kiasi. Hulia mzee akiwa bafuni, akaizima, na nia yote ikaondoka na mlio. Dawa iliyofungamanishwa na tendo la kila siku, kama kupiga mswaki au kifungua kinywa, hukumbukwa kwa urahisi zaidi kuliko iliyofungamanishwa na saa. Muulizeni tu mfamasia kwanza ni tendo lipi linafaa: metformini ya kisukari humezwa pamoja na chakula, ilhali levothairoksini ya tezi ya shingoni hutaka tumbo tupu.

Kisha kuna ambao hawasahau kabisa, wameamua kuacha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba katika nchi zilizoendelea ni takriban asilimia 50 tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao ipasavyo, na usahaulifu ni sababu moja tu kati ya nyingi. Mzee anayeamka mara kadhaa usiku kwenda haja ndogo kwa ajili ya dawa ya kupunguza maji mwilini ana sababu nzuri ya kuikimbia. Mara nyingi daktari anaweza kuihamishia asubuhi, shida ikaisha. Ila mzee hatakwambia ukimuuliza kwa ukali, "Mbona hujameza?" Muulize, "Mama, dawa hii inakufanyaje?" Kisha msikilize hadi mwisho.

Tazama pia pakiti zenyewe. Dawa ileile ikitoka kiwanda kingine huja na rangi nyingine na jina jingine la biashara. Mzee huimaliza ya zamani huku akimeza na mpya, akiamini ni mbili tofauti.

Na kama usahaulifu umeanza ghafla au unazidi upesi, usiutibu kwa kisanduku. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za mzio na baadhi ya zile za kutuliza kibofu zinaweza zenyewe kumvuruga mzee kumbukumbu. Usimwachishe kwa uamuzi wako, maana nyingine zikikatwa ghafla hudhuru. Tia kila anachomeza kwenye mfuko mmoja, pamoja na vya mitishamba na vilivyonunuliwa bila cheti, umpelekee daktari au mfamasia, kisha muulize juu ya kila kimoja: hiki bado anakihitaji?