Je, wajua kwa nini msitu wa jirani hubadilisha thamani ya msitu mpya?

Chukua watu wawili wa mkoa wa Dodoma. Mmoja anaishi mjini, Nkuhungu, na uani kwake kuna mwarobaini mmoja. Mwingine yuko Kondoa, chini ya vilima vya Irangi, akifungua mlango anaona miti. Waulize swali moja: ungekuwa tayari kuchangia kiasi gani ili ardhi iliyochakaa karibu na kwako irudishiwe miti na majani? Nani atataja kiasi kikubwa?

Kwa miaka mingi ningejibu bila kusita: wa mjini. Hana miti, basi anaihitaji zaidi. Wengi ninaowauliza hujibu hivyohivyo. Kumbe hiyo ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki inaweza kuligeuza lote.

Nusu ya kwanza wachumi huieleza kwa neno "mbadala", yaani kitu kinachoweza kuchukua nafasi ya kingine. Fikiria kijiji chenye kisima kimoja. Kisima cha pili kinapunguza foleni ya ndoo na safari za alfajiri, kwa hiyo kila kaya itakichangia kwa moyo. Cha tatu kinasaidia kidogo. Ukileta mchango wa kisima cha sita, watu watakutazama tu. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kile ambacho tayari kipo. Msitu nao ni hivyo: ukiwa na pori la kutosha jirani, ekari moja zaidi haikuongezei mengi.

Ila mtu wa Dodoma anajua kwamba visima havifanani. Kipo cha maji ya chumvi, kinafaa kunyweshea mifugo na kufulia, lakini hakichukui nafasi ya maji ya kunywa hata kikiwa mlangoni. Hapo ndipo hesabu nyingi zinapoteleza. Hifadhi ambayo mwanakijiji haruhusiwi kuingia kuokota kuni si mbadala wa pori la kijiji analochungia mbuzi na kutundikia mizinga. Kwenye ramani yote mawili yana rangi moja ya kijani.

Nusu ya pili ndiyo niliyoikosa: ukaribu hufundisha. Shamba lenye visiki vilivyokatwa miaka kumi iliyopita, kwa mgeni limekufa. Aliyewahi kufanya kisiki hai anajua kwamba mizizi chini bado ina uhai; unachagua machipukizi machache yenye afya, unapogolea mengine, unazuia mifugo, na baada ya misimu michache unapata kivuli. Ukimwomba mchango, anachangia kitu alichokiona kwa macho. Yule asiyewahi kukiona unamwomba anunue mlenda asiouonja, na bei atakayotaja ni ya kubahatisha. Tena kuna kusahau: mwaka 1995 mwanasayansi Daniel Pauly, akizungumzia uvuvi, alieleza kwamba kila kizazi cha wanasayansi wa uvuvi huchukua hali kilichoikuta mwanzoni mwa kazi kuwa ndiyo ya kawaida. Ndivyo ilivyo kwa ardhi pia: aliyezaliwa penye upara haoni kilichopungua.

Kondoa ni somo la ajabu hapa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,256 lililokuwa limechimbika makorongo. Majani na miti vilirudi. Lakini kaya zilipoteza maziwa na mbolea za karibu. Kwa hiyo jirani wa vilima hivyo anajua faida ya kurudisha uoto, na anajua pia ilivyogharimu. Kiasi atakachokutajia kimebeba yote mawili. Na kwa wanaolima kando ya pori la akiba kama Swagaswaga, ambako tembo huweza kuingia mashambani, pori zaidi linaweza kumaanisha usiku zaidi wa kulinda mtama. Thamani yake kwao inaweza kushuka chini ya sifuri.

Upande upi hushinda? Inategemea, na hapa nashauri tahadhari. Tafiti nyingi za utayari wa kulipa zimefanyika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na hata huko majibu hayakubaliani. Kule pia mpenda miti mwenye uwezo huhamia karibu na miti, hivyo ni vigumu kujua kama msitu ulimfundisha kupenda au yeye aliufuata. Kwa mkulima wa Kondoa aliyerithi shamba mahali alipozaliwa, shaka hiyo ni ndogo. Lakini kwake pori ni kuni, malisho, dawa na asali, wala si mahali pa matembezi ya Jumapili, kwa hiyo tarakimu za kule hazibebeki hivihivi hadi huku. Hata kipimo hubadilika: vijijini watafiti wengine huuliza siku za kazi badala ya shilingi, kwa sababu mtu anaweza kukosa noti na bado akatoa Jumamosi nne za jembe.

Ndiyo maana nikiona dodoso la namna hii siku hizi, hurukia kwanza maswali yanayotangulia lile la kiasi: pori la karibu nawe liko umbali gani, mara ya mwisho uliingia lini, na uliingia kufanya nini.