Neno “dwell” la Kiingereza: kutoka kupotea njia hadi kukaa mahali

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hufundishwa kwamba “dwell” maana yake ni kukaa au kuishi mahali, na tafsiri hiyo ni sahihi. Utata huanza neno hilo linapofuatwa na “on”, kwa kuwa hapo halihusu tena nyumba wala mji, bali mtu anayelirudia jambo moja moyoni au katika mazungumzo bila kuliacha. Udugu wa maana hizo mbili hauonekani mpaka historia ya neno ifuatwe.

Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa takriban kati ya mwaka 450 na 1100, “dwellan” kilikuwa kitenzi cha kumpoteza mtu njia, kumhadaa au kumzuia asiendelee. Nomino ya ukoo huohuo, “gedwola”, iliandikwa kwa maana ya upotovu, ukiwemo uzushi katika dini. Kutoka hapo hadi kwenye makazi ni mbali, lakini hatua zake zinaeleweka: aliyepotezwa njia huchelewa, anayechelewa hubaki pale alipo, na anayebaki muda mrefu mwishowe huhesabiwa mkazi. Watu wa Skandinavia, walioanza kulowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza katika karne ya 9, walikuwa na kitenzi chao “dvelja”, yaani kukawia, ambacho yaelekea kilichangia kulisogeza neno la Kiingereza upande huo. Kufikia karne ya 14 maana ya kukaa mahali ilikuwa imezoeleka, na ile ya kuhadaa ikafifia hadi ikatoweka.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu kubwa ya kuishangaa safari hiyo. Tunasema “anakaa Tanga” tukikusudia makazi, na mama anayemtuma mtoto dukani humwambia “usikae sana huko”, yaani asichelewe. Kitenzi kimoja kimebeba kuketi, kukawia na kuishi, nacho ndicho kilichotupa mkazi, makazi na makao. Hata “reside”, neno la kiofisi la Kiingereza lenye maana hiyohiyo ya kuishi mahali, lina asili ya Kilatini katika kitenzi cha kuketi.

Katika mazungumzo ya leo Mwingereza hamwulizi mwenzake anapoishi kwa kutumia “dwell”. Hutumia “live”, na akisikia “dwell” hukumbuka mashairi au maandiko matakatifu. Umbo la “dwelling” ndilo lililosalia kazini, hasa katika sheria na kanuni za ujenzi, ambako hutaja jengo au sehemu yake inayotumika kwa makazi. Kwa mtafsiri, basi, “don't dwell on it” haina makazi ndani yake. Kulingana na muktadha, “usilitie sana moyoni” au “usiling'ang'anie jambo hilo” itafaa, na anayezungumzia hotuba anaweza kuandika kwamba msemaji alikawia katika hoja fulani, tafsiri iliyo karibu zaidi na asili ya neno lenyewe.