Makaburi ya vita hayahesabu wote waliokufa

Kuna ujumbe unaozungushwa mara kwa mara kwenye makundi ya WhatsApp, ukiambatana na picha ya mistari ya mawe ya makaburi huko Taveta, Kenya, unaodai kwamba waliolala hapo ndio wote waliokufa upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, hapa Afrika Mashariki, na kwamba Waafrika walikuwa watazamaji tu.

Picha ni ya kweli, dai si la kweli. Soma majina kwenye mawe hayo: mengi ni ya wanajeshi wa Afrika Kusini waliouawa mwaka 1916. Wapagazi wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, waliobeba risasi na unga kichwani kutoka pwani hadi Ruvuma, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi, wakafukiwa kando ya njia bila jiwe, na wengine bila hata jina kuandikwa daftarini. Ndiyo maana anayehesabu mawe hupotoka, na kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa jicho huamini kinachoonekana.

Anayetaka kuhakikisha aende kwenye mnara wa askari ulio katikati ya Nairobi, ambako maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, nalo limetokana na kikosi chao, kilichoitwa Carrier Corps kwa Kiingereza.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa upole, umweleze habari za wapagazi.