Ovataimu na Bonasi Ukiwa Umefilisika Kanada: Wadai Huchukua Kiasi Gani?

Ukishafilisika rasmi nchini Kanada, hakuna anayekuzuia kufanya kazi, kuongeza zamu wala kupokea bonasi. Ila mapato yako yakivuka kiwango kilichowekwa na serikali, sehemu ya ile ziada utailipa kwenye mfuko wa ufilisi, nao wadai watagawana. Hayo yamo katika kifungu cha 68 cha sheria ya ufilisi ya Kanada. Anayepiga hesabu ni msimamizi wa ufilisi mwenye leseni, yuleyule aliyekusajili.

Kiwango hicho hutangazwa kila mwaka na ofisi ya serikali kuu inayosimamia ufilisi, na hupanda kadiri idadi ya watu wa nyumba yako inavyoongezeka. Jedwali ni moja kwa nchi nzima. Anayelipa kodi ya nyumba ya Toronto na anayeishi mji mdogo wa Manitoba wanapimwa kwa namba ileile, jambo ambalo wengi huliona si haki, lakini ndivyo lilivyo. Kodi ya pango, chakula, petroli na malipo ya gari havipunguzwi kwenye hesabu, kwa sababu kiwango chenyewe kinachukuliwa kuwa kimeshavijumlisha.

Tuchukue mfano wa mtu anayeishi peke yake, na kwa urahisi wa hesabu tuseme kiwango chake ni dola 2,700 kwa mwezi. Mshahara wake baada ya makato ya kodi, pensheni na bima ya kukosa ajira ni dola 2,800. Ziada ni dola 100. Kwa kuwa haijafika dola 200, ambapo ndipo ziada huanza kulipiwa, hatalipa chochote kwa ajili ya ziada hiyo. Atalipa tu mchango mdogo aliokubaliana na msimamizi wake kugharamia shughuli yenyewe. Sasa apate ovataimu, wastani wake upande hadi 3,300. Ziada inakuwa 600, na nusu yake, yaani dola 300, inakwenda kwenye mfuko kila mwezi. Zinazobaki 300 ni zake.

Kwa hiyo ile kauli kwamba "ukiwa umefilisika ovataimu ni kazi ya bure" si kweli. Maumivu yapo kwenye muda. Anayefilisika mara ya kwanza bila kuwa na ziada ya kulipia huachiliwa, yaani hutolewa rasmi kwenye ufilisi, baada ya miezi 9. Mwenye ziada huachiliwa baada ya miezi 21. Kwa anayefilisika mara ya pili, miezi ni 24 au 36. Yule wa dola 300 atalipa mara 21, jumla dola 6,300.

Angalia basi kinachotokea pale mpakani. Wastani wa dola 2,890 unaleta ziada ya 190, na malipo ni sifuri. Wastani wa 2,900 unaleta ziada ya 200, malipo ni dola 100 kwa miezi 21, yaani 2,100, na ufilisi unarefuka kwa mwaka mzima. Tofauti ya dola 10 kwa mwezi! Aliye karibu na mstari huu anapaswa kuzungumza na msimamizi wake kabla ya kukubali zamu za Jumamosi, si baada ya kulipwa.

Hesabu hufanywa kwa wastani, kwa hiyo mwezi mmoja mnono haukutii hatiani peke yake. Wanaolipwa kila wiki mbili ndio hushtuka zaidi: mwaka una malipo 26, hivyo kuna miezi miwili ambayo mishahara huingia mara tatu. Ukilipwa dola 1,300 kila wiki mbili, wastani wako wa mwezi si 2,600 bali ni 1,300 mara 26 gawanya kwa 12, takriban 2,817. Wengi hukadiria kwa mishahara miwili tu, wakajiona wako chini ya kiwango, kumbe wameshakivuka.

Yapo matumizi machache yanayoruhusiwa kutolewa kabla ya kulinganisha na kiwango: matunzo ya mtoto au ya mwenzi mliyeachana, malezi ya watoto uwapo kazini, gharama za matibabu, faini za mahakama, na gharama ambazo kazi yenyewe inakulazimu kuzibeba. Kila moja inahitaji risiti. Pesa unazowatumia wazazi Bukavu, Mombasa au Kigoma hazimo katika orodha hiyo. Mweleze msimamizi wako hali hiyo mapema na umwonyeshe stakabadhi za kutuma, lakini usipange bajeti kana kwamba zitapunguzwa.

Kama unaishi na mwenzi anayefanya kazi, mapato yake hutazamwa pia, ingawa madeni si yake. Mume aliyefilisika anapata 3,600, mke 2,400, jumla 6,000. Kiwango cha nyumba yao tukikichukulia kuwa 5,000, ziada ni 1,000, nusu yake 500. Mume huleta asilimia 60 ya mapato ya nyumba, hivyo atalipa dola 300. Mke akipandishwa cheo, malipo ya mume yanaweza kupanda.

Anayeendesha teksi za programu ya simu au kupeleka vyakula ana mtego wake. Kodi haikatwi kabla hajalipwa, basi huiona pesa yote kuwa ni yake. Kodi ya mapato anayoyapata baada ya tarehe ya kufilisika haifutwi na ufilisi huo. Ni deni jipya kabisa. Atenge fedha za kodi tangu wiki ya kwanza, aweke risiti za mafuta na matengenezo, na ajaze taarifa ya mwezi kwa mapato yaliyobaki baada ya hayo.

Taarifa hiyo ya mapato na matumizi hupelekwa kila mwezi pamoja na hati za mshahara. Asiyeipeleka hukwama: msimamizi hupinga kuachiliwa kwake, shauri likaenda mahakamani, na miezi 9 ikawa haina maana tena. Kuficha kipato ni kosa la jinai. Na ukipunguziwa saa au kuachishwa kazi, toa taarifa siku hizohizo, maana malipo hurekebishwa kwenda chini pia.

Urithi na bahati nasibu si mapato ya ziada. Ukivipata kabla hujaachiliwa, huhesabiwa kuwa mali, na mali huingia mfukoni yote, si nusu.

Kwa mtu anayetarajia kipato chake kipande, ni vizuri kupima mapema njia ya pili, pendekezo la mlaji kwa wadai, yaani makubaliano ya kuwalipa wadai kiasi fulani badala ya kufilisika. Hutumika kwa madeni yasiyozidi dola 250,000, bila kuhesabu mkopo wa nyumba unayoishi. Kiasi hupangwa mwanzoni, hulipwa kwa muda usiozidi miaka 5, na ovataimu haikiongezi. Yule wa dola 6,300 anaweza kupendekeza dola 150 kwa miezi 60, jumla 9,000. Ni nyingi zaidi kwa jumla, nyepesi kwa mwezi, na wadai wana sababu ya kukubali kwa kuwa wanapata zaidi ya ambavyo ufilisi ungewapa. Lakini akikosa malipo ya miezi mitatu pendekezo hubatilika na madeni ya awali hurudi.

Ukiona kiasi ulichopangiwa hakilingani na hati zako, mwombe msimamizi karatasi ya hesabu, ukague wastani na idadi ya watu wa nyumba yako. Msipoelewana, una haki ya kuomba usuluhishi kupitia ofisi ya serikali inayosimamia ufilisi, na usuluhishi ukishindikana mahakama ndiyo hupanga kiasi.